Paka wa bahati wa Kariakoo, baada ya mwezi mmoja saluni

Nina saluni ya kusuka Mwananyamala, chumba kimoja, viti vitatu. Nilikwenda Kariakoo kufuata rasta, nikarudi na paka wa plastiki wa rangi ya dhahabu anayechezesha mkono. Muuzaji alianzia 25,000, tukamalizana 16,000.

Watu wanamwita paka wa Kichina kwa kuwa amejaa kwenye maduka yao. Kwao ni Japani, jina lake maneki-neko, yaani paka anayeita. Na wala haagi. Tazama kiganja: kimeinamia chini, kama mama anavyokuita ukiwa ng'ambo ya barabara. Wajapani nao huitana hivyo hivyo. Wazungu ndio wanaodhani anapunga kwaheri. Inasemekana mkono wa kushoto unaita wateja, wa kulia unaita hela. Wangu ni wa kushoto. Sikuchagua, ndiye aliyebaki.

Kule Japani, mji wa Tokoname unasifika kwa kuwafinyanga wa udongo. Huyu wangu mwepesi kama chupa tupu ya maji, na ile sarafu ya kifuani ni karatasi ya gundi, imeshaanza kubanduka. Betri mbili za rimoti unajinunulia. Wiki ya pili mkono ukagoma. Fundi simu wa jirani akamfungua: mkono una sumaku kwa chini, na koili ya waya inausukuma. Waya ulikuwa umechomoka. Akalehemu, 2,000. Tangu hapo anakwenda, ila anatoa mlio, tik tik, na saluni ikiwa tupu saa nane mchana unaweza kumtupa nje.

Wateja je? Mama mmoja alimkodolea macho muda wote wa kusukwa, mwisho akauliza, "Dada, hii siyo chuma ulete kweli?" Siku zote sisi wenye biashara ndio tunaomwogopa mteja wa chuma ulete, yule anayesemwa anavuta hela zako kwa uchawi, safari hii nimeogopwa mimi! Nikamweleza habari za Japani, akalipa, lakini hajarudi.

Ila watoto, jamani. Wale wa kulia tangu kitana kinapogusa kichwa, nawakalisha mbele yake, wanamfuata ule mkono kwa macho mpaka namaliza mistari. Kwa hilo tu, 16,000 yangu siidai.

Ukienda kununua, mwambie muuzaji atie betri, umwone akiita dakika tano nzima ndipo utoe hela.