Muhimbili: hospitali ambako wa kwanza kukuhoji ni mwanafunzi

Mtu akipewa rufaa ya Muhimbili, ndugu zake huulizana mambo mawili: foleni ikoje na fedha itatosha? Mimi naandika juu ya jambo la tatu, ambalo wengi hulinung'unikia nami naliona ndilo bora kuliko yote pale. Nazungumzia wanafunzi. Mdogo wangu wa kike amelazwa jengo la Mwaisela, kisha akahamishiwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ambayo imo ndani ya eneo lilelile la Upanga, Dar es Salaam, na mimi ndiye niliyekuwa nikishinda naye. Nimefundisha historia sekondari mpaka nikastaafu. Huduma kama hii siwezi kuieleza bila kusema ilikotoka.

Kabla ya rufaa, mdogo wangu alikuwa amezunguka sana. Akipanda ngazi anahema, usiku hawezi kulala bila kuegemea mito, miguu inavimba jioni. Zahanati moja, jina naliacha, ilimtibu taifodi, ikamtibu malaria, ikarudi kwenye taifodi. Kila mara anatoka na mfuko wa vidonge, na hakuna aliyewahi kumkalisha chini akamwuliza maisha yake.

Muhimbili alikalishwa. Binti mmoja aliyevaa koti jeupe alisogea kitandani: "Shikamoo mama. Shikamoo baba." Akajitambulisha kuwa ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa 4, akaomba ruhusa ya kuuliza maswali. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alishakataa, akasema yeye hakuja kufanyiwa majaribio. Mdogo wangu alikubali.

Maswali yale yalikuwa mengi, tena ya mpangilio. Umeanza lini kuchoka? Unalalia mito mingapi? Umezaa wangapi, na ujauzito uliupitaje? Nyumbani mlikuwa mnalala wangapi chumba kimoja? Ukiwa mtoto uliugua nini? Hapo mdogo wangu akanigeukia, maana mimi ndiye mkubwa. Nikakumbuka Utete, kule Rufiji, yeye akiwa darasa la nne, magoti yalivimba, yakapoa, maumivu yakahamia kwenye vifundo vya miguu. Nilikuwa nambeba mgongoni kwenda shule. Mama alikuwa akimkanda kwa majani ya moto. Binti akaacha kuandika. Akauliza, kabla ya magoti, koo lilikuwa linamuuma? Lilikuwa linamuuma, hata mate hamezi. Akamlaza kwa ubavu wa kushoto, akaweka kipimo cha kusikilizia moyo chini ya titi, akasikiliza muda mrefu sana macho yamefumba.

Kesho yake kwenye raundi walikuja kundi zima: daktari bingwa, madaktari wanaosomea ubingwa, daktari wa mafunzo kwa vitendo, wanafunzi, muuguzi wa wodi. Binti akaeleza habari za mgonjwa wake, Kiingereza kikichanganyika na Kiswahili. Bingwa akamkatiza: kwa nini uliuliza habari za magoti? Akajibu kwamba maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni yanaweza kuufanya mwili ushambulie viungo na moyo, na kovu linalobaki kwenye valvu za moyo, yaani milango ya kupitishia damu, huendelea kukaza polepole, mpaka miaka mingi baadaye valvu inabana na damu inarudi nyuma kwenye mapafu. Bingwa akaweka kipimo chake mwenyewe, akawaita wengine wasikilize mmoja mmoja, kisha akamgeukia mdogo wangu na kumweleza jambo lilelile kwa Kiswahili safi, bila haraka. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, kikathibitisha. Ndiyo sababu ya kuhamishiwa Taasisi ya Moyo.

Sisemi kwamba bingwa asingeugundua. Angeugundua. Lakini bingwa ana wodi nzima, na yule binti alikuwa na mgonjwa mmoja na mchana mzima. Hicho ndicho unachokipata kwenye hospitali ya kufundishia na hukipati kwingine: mtu mwenye muda, anayeogopa kuulizwa swali mbele ya wenzake akakosa jibu, na nyuma yake ngazi tatu za watu wanaomsahihisha.

Utaratibu huo una historia, na wagonjwa wachache wanaijua. Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba Waingereza walituachia nchi yenye madaktari 12 na wahandisi 2. Aliyetaka kuwa daktari alikwenda Makerere, Uganda. Mwaka 1963 Wizara ya Afya ikafungua shule ya udaktari Dar es Salaam, na mwaka 1968 shule hiyo ikapandishwa kuwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Hospitali yenyewe ilikuwepo tayari: Waingereza waliifungua mwaka 1956 kwa jina la Princess Margaret, dada yake Malkia Elizabeth, aliyekuja ziara mwaka huohuo. Baada ya Uhuru likarudi jina la mahali, Muhimbili.

Na kabla ya hiyo ilikuwepo hospitali ya Sewa Haji. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Kihindi wa Bagamoyo, tajiri wa misafara ya bara, aliyetoa mali yake miaka ya 1890 ijengwe hospitali mjini Dar es Salaam itakayotibu Waafrika na Wahindi, wakati hospitali nzuri ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Sewa Haji alifariki mwaka huohuo wa 1897. Leo Muhimbili kuna jengo la Sewahaji, na kuna la Kibasila, kiongozi wa Wazaramo aliyekuwa upande wa Majimaji. Niliwauliza wagonjwa waliolazwa humo kama wanawajua watu hao. Wengi walisema ni majina ya wodi tu. Iliniuma, kwa sababu mfanyabiashara aliyetoa mali na jumbe aliyepigania watu wake wamewekwa pamoja kwenye hospitali ya umma, na hilo lilifanywa kwa makusudi na watu waliofikiri.

Mwaka 1976 kitivo na hospitali viliunganishwa kuwa kitu kimoja, Kituo cha Tiba Muhimbili. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote, maana aliyefundisha na aliyetibu walikuwa chini ya paa moja na bajeti moja. Mwaka 1991 kitivo kikawa chuo kishiriki. Mwaka 2000 Bunge likavunja kile kituo, zikazaliwa taasisi mbili, hospitali ya taifa na chuo, na mwaka 2007 chuo kikapata hati yake na kuwa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Naelewa hoja ya kuvigawa, kila kimoja kikue kwa nafasi yake, na kweli vimekua. Lakini profesa anayeajiriwa na chuo ndiye huyohuyo anayetibu wodini kwa hospitali, na mambo ya mabwana wawili hayajawahi kuwa rahisi popote. Wanaopanga sera wasilisahau hilo.

Siku mbaya zimekuwepo, na ziko kwenye kumbukumbu za nchi. Mgomo wa madaktari wa mwaka 2012 ulitokana kwanza na madai ya madaktari wa mafunzo kwa vitendo, wale wanaokesha wodini. Novemba 2015 Rais Magufuli alifika bila taarifa, akakuta wagonjwa wamelala chini na mashine zimekufa, akavunja bodi, na fedha za hafla ya Bunge zikanunuliwa vitanda. Miaka miwili baadaye, Novemba 2017, figo ya kwanza ikapandikizwa palepale, kazi ambayo awali mgonjwa alilazimika kupelekwa India. Mwaka huo pia hospitali ya Mloganzila, iliyoko nje kidogo ya jiji, ilizinduliwa, na sasa wapo wanaopangiwa huko badala ya Upanga, kwa hiyo soma barua yako ya rufaa vizuri kabla hujapanda gari.

Kwa anayekwenda: beba barua ya rufaa, kadi ya bima na majibu yote ya zamani, hata yale yaliyochakaa. Ndugu wanaokuja kumtazama mgonjwa huruhusiwa wodini kwa saa maalumu tu, na walinzi hawabembelezeki, wala wasibembelezwe. Chakula cha mgonjwa ulizia kwanza kwa muuguzi, kwa sababu chumvi iliyomo kwenye mchuzi wa nyumbani humrudisha nyuma mwenye moyo kama wa mdogo wangu.

Mwanafunzi akija, una haki ya kukataa, na hakuna atakayekunyima tiba kwa hilo. Mimi nakusihi ukubali. Jibu hata swali linaloonekana halina maana. Na anayekwenda kushinda na mgonjwa asiwe mwenye nafasi tu, awe pia ndugu anayejua utoto wake, alikulia wapi, aliumwa nini na alitibiwa kwa dawa gani. Watoto wa mdogo wangu wanampenda mama yao na walitaka kupokezana kukaa naye, lakini habari za magoti ya Utete hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuzisikia.