Nimezamia meli, ila si kwenda Ugiriki

Nilipomwambia bibi yangu wa Kongwa kwamba nakwenda Zanzibar kuzamia meli, alinyamaza kidogo, kisha akauliza taratibu, "Mjukuu wangu, kwani kazi Dodoma zimekwisha?" Ikabidi nimweleze kuwa sijifichi kwenye meli ya mtu nikatokee Ugiriki. Meli yenyewe ilishazama zamani, mimi ndiye naifuata huko chini. Hapo ndipo akaogopa zaidi. Akanivua saa, akanivalisha bangili yake ya shanga nyekundu.

Mimi ni wa Dodoma kabisa. Maji mengi niliyoyaona utotoni ni ya bwawa la Hombolo, na hata hayo tulikatazwa kuyakaribia. Kozi ya mwanzo ya uzamiaji inataka uogelee mita 200 na uelee dakika 10, kwa hiyo nilijifua miezi mitatu kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, jioni baada ya kazi, nikigongana na watoto wenye maboya. Usiruke hatua hii. Kwenye kozi nilikuta kaka mmoja kutoka bara aliyekuja na ujasiri peke yake, na siku ya kwanza tu ilimshinda.

Kozi ni siku nne. Darasani nilijifunza kwamba mtungi mgongoni haubebi oksijeni ya hospitali kama wengi tunavyodhani, ni hewa hii hii ya kawaida iliyoshindiliwa. Na kwamba ukipanda juu usibane pumzi hata kidogo, kwa sababu hewa iliyo kifuani inatanuka kadiri maji yanavyopungua juu yako. Kilichonitesa ni masikio. Kila ukishuka kidogo unabana pua na kupuliza, la sivyo ni kama mtu anakuchoma sindano. Mwalimu alinisubiri bila kununa, na kwa hilo peke yake nampa alama zote.

Siku ya nne tukaenda kwenye meli. Inaitwa Great Northern, ya Waingereza, kazi yake ilikuwa kutandaza nyaya za telegrafu chini ya bahari. Ilizama kwenye mwamba wa Fungu mkesha wa mwaka mpya, 1902, na imelala kwenye mita 12 hivi, kina ambacho mwanafunzi anaruhusiwa. Kuna nyingine ya kivita, Pegasus, iliyopigwa na Wajerumani Septemba 1914, lakini hiyo iko kwenye mita 40 hivi, si ya sisi wageni.

Nilitegemea kuona meli. Nikaona mbavu. Vyuma vimejikunja, vimevaa matumbawe na vitu laini nisivyovijua majina, na katikati yake samaki wamejaa kama abiria stendi. Kwenye tundu moja mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, alitoa kichwa, anafungua na kufunga mdomo. Nilidhani anatutisha, kumbe ndivyo anavyopumua. Nikatazama mkono wangu: bangili ya bibi imegeuka rangi ya kahawa iliyoungua. Maji humeza wekundu kabla ya rangi nyingine. Mwongozaji akaimulika kwa tochi, shanga zikawaka nyekundu kama moto. Akageuza tochi kwenye chuma, na kile nilichodhani ni kutu ya kijivu kikawa chekundu na cha machungwa. Nilicheka hadi miwani ikaingia maji.

Great Northern ilizama kwa ajali, lakini siku hizi kuna meli zinazozamishwa makusudi ziwe miamba. Jirani zetu wa Mombasa walizamisha MV Dania karibu na Bamburi mwaka 2002, na Marekani mwaka 2006 walizamisha manowari nzima ya kubeba ndege, Oriskany, huko Florida. Mantiki ni kwamba kwenye mchanga mtupu matumbawe hayana pa kushika, kwenye chuma yanapo. Ila lazima kwanza itolewe mafuta, nyaya na kila chenye sumu, bila hivyo umetupa taka baharini ukaziita mwamba. Tena mimi siamini moja kwa moja kwamba samaki wanaongezeka. Wengine wamehama tu kutoka jirani, na nyavu zikiruhusiwa hapo, umewakusanyia mvuvi.

Sasa lawama. Boti ilikuwa safi, chai na chapati zilikuwepo, suti niliyopewa ilikuwa kubwa lakini ilivumilika. Tatizo ni kwamba siku zote nne hakuna aliyeniuliza naishi wapi. Nilishakata tiketi: kuzamia asubuhi, boti ya mchana hadi Dar, treni ya SGR ya jioni hadi Dodoma. Ni dada mmoja mzamiaji, mteja kama mimi, aliyesikia "Dodoma" akashtuka. Ukizamia mara nyingi, naitrojeni ya ile hewa ya mtungi inabaki mwilini, na ukiwahi kupanda juu kwenye hewa nyepesi inaweza kugeuka mapovu ya kukudhuru, kwa hiyo ushauri ni kungoja angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Sisi tulilishika hilo la ndege, tukasahau kwamba Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Treni haipai, lakini inakupandisha vile vile. Mwalimu alipoulizwa alijikuna kichwa, akasema wateja wake wengi hulala ufukweni.

Tiketi ikaungua. Nililala kwa shangazi Mbagala, nikaondoka kesho yake jioni.

Nawapa nyota nne kati ya tano. Ukitoka Dodoma, Singida au Iringa, taja kwenu siku ya kwanza na upange usiku mmoja wa ziada Dar. Mimi nadunduliza kwa ajili ya Dania, ambayo inahitaji kozi ya ngazi inayofuata. Bangili nimemrudishia bibi. Aliigeuza geuza akaniuliza kama na chumvi yake ni ya meli.