Wiki tatu za kulea vimelea, jibu mstari mmoja

Miezi kadhaa imepita na bado hili limenikaa kooni. Nilituma sampuli za vimelea vya malaria kwenye maabara moja ya ng'ambo inayopima protini kwa spektrometa ya masi, mashine inayopima uzito wa molekuli. Wiki tatu nilivilea vimelea vile; hata Jumapili naingia maabara kuvibadilishia chakula. Kisha nikapasua chembe nyekundu za damu kwa saponini, dawa ya mimea inayotoa povu kama sabuni, maana himoglobini, ile protini nyekundu ya damu, ikibaki inafunika kila kitu, nikasuuza mpaka maji yakaacha wekundu. Nikafunga kwenye barafu kavu, nikasafirisha.

Jibu lao: “Sampuli zako chafu, saponini imejaa. Soma maelekezo.” Basi! Hata salamu hakuna.

Nilitetemeka kwa hasira. Nikaomba data ghafi. Vilele vya grafu ya mashine vimejipanga kama ngazi, kila kimoja kimepishana na mwenzake kwa daltoni 44 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Mtu wa fani hii anaijua ngazi hiyo: ni mnyororo wa polietilini glaikoli, uliomo kwenye sabuni za maabara kama Triton na Tween. Saponini haina mnyororo huo! Na Triton mimi sikuigusa. Nikafungua faili la sampuli tupu, isiyo na protini yoyote, waliyoipitisha kwenye mashine kabla ya yangu. Ngazi ileile. Kolamu yao, mrija unaochuja sampuli kabla ya mashine, ilikuwa chafu kabla sampuli yangu haijaingia, halafu mchafu ni mimi.

Nikawaandikia. Kimya, siku nyingi.

Lakini mwenye haki apewe haki yake. Mama mmoja palepale ndiye aliyeichukua nusu ya sampuli zangu iliyobaki. Alizinasa protini kwenye vishanga vya sumaku, akaziosha kwa ethanoli, akaziacha usiku kucha na tripsini, kimeng'enya kinachokata protini vipande, akafunga kolamu mpya. Akanipigia simu mwenyewe kuuliza vimelea vilikuwa na umri wa saa ngapi nilipovivuna. Mtu anayeuliza hivyo anajua kazi. Data ilikuja safi ajabu. Protini ambazo majaribio yangu ya nyuma hayakuwahi kuziona zilikuwa wazi mbele yangu. Nililia, sioni haya kusema.

Siku ile ningewapa alama zote. Kisha ankara ikaja: wamehesabu vipimo viwili, pamoja na kile cha kolamu chafu! Hapana. Kazi ya yule mama nailipa hata leo. Ile ya kwanza silipi, na aliyeniandikia “soma maelekezo” bado namsubiri aniombe radhi. Ukituma kwao, muulizie yule mama, na faili la sampuli tupu lidai mapema.