TAHADHARI: Kijana wa dawa ya mchwa anayezunguka Goba

Nimekaa na hili siku tisa kwa aibu, leo nalisema. Kuna kijana anapita nyumba hadi nyumba hapa Goba, Dar es Salaam, akiuza huduma ya kuua mchwa. Ameniibia 380,000 mchana kweupe, nami nimesimama pale pale nimemshikia ndoo.

Nyumba yetu tumehamia karibuni tu, na fremu zake za mbao nilizilipia kwa hela ya kikoba. Asubuhi ile niliona mchirizi wa udongo umepanda kutoka kwenye skating (ukingo wa chini ya ukuta) hadi fremu ya chumba cha watoto. Nikaibonyeza kwa kidole, rangi ikabonyea kama karatasi. Ndani hamna mbao. Nililia.

Mchana akagonga geti. Ovaroli safi, barakoa, bomba mgongoni. "Dada, natoka kwa mama wa geti la bluu." Halafu akauliza: "Kabla ya kumwaga jamvi la zege, kifusi mlikipiga dawa?" Hatukukipiga. Hilo ni swali la mtu anayeijua kazi, na mimi fundi wangu hakuwahi hata kuniuliza. Ningeachaje kumwamini?

Akatia mchwa kwenye kifuniko cha chupa, tone moja, wote chali. (Nimejaribu juzi kwa maji ya sabuni, wanakufa vile vile.) Akamimina dawa yake kwenye ndoo, maji yakawa meupe kama tui. Akanyunyizia kuta zote, 230,000. Nikajua tumemaliza.

"Dada, bila kumtoa malkia watarudi." 150,000 nyingine. Akachimba chini ya mwarobaini, akanituma maji ya kunawa. Niliporudi akafungua kiganja: dude jeupe, nene kama kidole gumba, limejikunja, linajinyonganyonga. Nikalipiga picha. Nikamshukuru, nikampa chai na maandazi. Chai yangu!

Siku ya nne mchirizi mpya, simu yake haipatikani. Nikampelekea picha mzee jirani, mtu wa Tabora, amechimba vichuguu tangu utoto. Akaitazama mara moja tu. "Mwanangu, hilo ni buu la kwenye samadi, likikua linakuwa mbawakawa. Malkia wa mchwa ana tumbo refu lenye mistari ya kahawia, kichwa kidogo, hajikunji hivyo. Na humtoi kwenye udongo tifutifu, anakaa kwenye chumba cha udongo mgumu." Kumbe alikuja nalo mfukoni! Na mama wa geti la bluu hamjui kabisa.

Huyu afungwe. Si kwa hela tu, watoto wangu wamelala siku nne kwenye chumba kilichopuliziwa kitu nisichokijua. RB ya polisi ninayo. Akipatikana nitakwenda mahakamani kila tarehe, hata wakiahirisha mara ishirini.

Chupa yake haikuwa na lebo yoyote. Dawa iliyosajiliwa TPHPA (mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu) huwa na namba ya usajili na jina la sumu iliyomo. Jina la kwenye malipo ya simu lilikuwa la kike, akasema ni mkewe. Hakutoboa sakafu hata tundu moja ili dawa ifike kwenye udongo, alilowesha rangi tu. Na anaharakisha, hataki umsubirishe mumeo arudi.

Anaweza kuwa amehamia Madale au Mbezi sasa. Ukimwona, mpige picha unitumie, saa yoyote, hata usiku wa manane.