Mpira wa Kuvika Kitako cha Bunduki ya Marisau: Laini, Lakini Mnene Mno

Watazamaji wapendwa, karibuni tena hapa Nairobi. Leo mezani pangu upo mpira wa kuvika kwenye kitako cha bunduki ya marisau, ule unaovutwa juu ya kitako bila kukata wala kutoboa mbao. Wengi wenu mmeniomba niuchambue kwa sababu mabega yenu yanauma baada ya kupiga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Ninasema mapema kwamba ulaini wake umenifurahisha sana na unene wake umeniudhi, na nitaushughulikia unene zaidi kwa sababu ndio usiotajwa dukani. Bunduki mnayoiona ni ya geji 12, yaani kipimo cha upana wa mtutu, yenye mitutu miwili iliyopangwa juu na chini. Imefunguliwa na vyumba vyake vyote viwili ni vitupu, nanyi mwone hivyo kabla hatujaendelea.

Rangi na saizi zimeandikwa kwenye boksi, kwa hiyo tuende moja kwa moja kwenye ulaini. Tazameni kidole gumba changu kinavyozama, kisha mpira unavyorudi polepole mahali pake bila kuruka. Marisau yanaposukumwa mbele, bunduki lazima irudi nyuma, na hakuna mpira unaoweza kuufuta msukumo huo. Unachofanya ni kuurefushia muda na kuutandaza juu ya eneo pana zaidi la bega. Tofauti yake ni ile ya matatu inayofunga breki kidogo kidogo na ile inayosimama ghafla, ilhali zote mbili zilikuwa na mwendo uleule. Katika kazi hiyo moja, mpira huu ni mzuri kabisa.

Sasa leteni kamera karibu, nami nichukue utepe. Kutoka kwenye kifyatulio hadi katikati ya mwisho wa kitako, bunduki hii ina sentimita 37, urefu unaonifaa. Nikiuvika mpira, utepe unasoma sentimita 39.5. Mtu atasema kwamba sentimita mbili na nusu si kitu, lakini tazameni ninapoinua bunduki kama anayeita kisahani: ncha ya chini ya kitako inakwama kwenye nguo chini ya kwapa, na ninapoilazimisha kupanda, kitako hakiingii tena katika lile bonde la bega chini ya mtulinga bali kinatua nje, juu ya msuli wa mkono. Hapo ndipo michubuko inapotokea, kwa sababu msuli huo hauna mwili nyuma yake wa kuupokea msukumo.

Bado sijamaliza, kwa sababu shavu nalo limehama. Mgongo wa kitako katika bunduki nyingi huteremka kuelekea nyuma, kwa hiyo kitako kikirefushwa shavu hurudi nyuma na kushuka, na jicho hushuka pamoja nalo hadi lisione vizuri sehemu ya juu ya mtutu. Mpigaji ambaye hajui kilichotokea huinua kichwa ili aone, na kichwa kikishaachana na mbao, bunduki hupata nafasi ya kupanda na kumgonga mfupa wa shavu. Ndiyo maana mtu huvika mpira laini kuliko yote sokoni na bado akatoka uwanjani shavu likimuuma, kisha akailaumu risasi.

Wakazi wenzangu wa Nairobi, kumbukeni pia baridi ya Julai. Jaketi zito linaongeza urefu juu ya urefu ambao mpira umekwisha kuuongeza. Kwa hiyo pimeni mkiwa mmevaa nguo mnazopigia kweli, na kama mnataka mpira wa kudumu, fundi akate mbao kwa kiasi cha unene wa mpira ili urefu wa jumla ubaki palepale. Kazi hiyo afanye anayeijua, kwa kuwa mbao ikikatwa imekatwa.

Wapo washindani. Pedi ya jeli inayotiwa ndani ya fulana ya kulengea ni nyembamba zaidi, na hata mimi nimeanza kuipenda kuliko nilivyotarajia, ingawa hukaa pale ilipo, si lazima pale kitako kinapotua. Beretta A400 inayojipakia yenyewe kwa nguvu ya gesi huutawanya msukumo katika muda mrefu zaidi, na zipo zenye mfumo wa Kick-Off, ambao ni vifyonza mshtuko vya haidroliki ndani ya kitako; lakini hiyo ni bunduki nzima, pamoja na gharama yake na taratibu za leseni, wala si jibu kwa mtu ambaye bega linamuuma Jumamosi hii.

Jibu lake liko kwenye boksi la risasi. Mashindano ya Olimpiki huruhusu marisau ya gramu 24 tu kwa kila risasi, na visahani huvunjika. Kwa bunduki ileile na kasi ileile, kushuka kutoka gramu 28 hadi 24 hupunguza nishati ya teke, yaani ule msukumo wa bunduki kurudi nyuma, kwa takriban robo, na hakubadilishi urefu wa kitako hata kidogo. Vilevile, msidanganyike kwamba geji 20, ambayo mtutu wake ni mwembamba zaidi, ni pole kwa kila anayeanza. Ikiwa nyepesi mno, hupiga teke sawasawa na ya geji 12 iliyo nzito.

Kama hamjui ni bega linalowasumbua au ni woga wa teke, mwombeni mwenzenu uwanjani awapakie, mara risasi halisi, mara risasi bandia isiyolipuka, bila kuwaambia ipi ni ipi. Katika picha hii ya mwendo wa polepole, kifyatulio kimevutwa juu ya risasi bandia, na mtutu umeinama kabla ya chochote kutokea. Mwinamo huo ni mwili kujikinga, na mpira hauutibu upesi. Risasi nyepesi na mazoezi hupunguza.

Kuhusu bei, hapa Nairobi mpira huu unakaribia bei ya maboksi machache ya risasi, na kwa watu wengi ningesema wanunue risasi za gramu 24. Yupo mmoja tu ninayempendekezea bila kusita: mwenye mikono mirefu anayetumia bunduki fupi ya klabu asiyoruhusiwa kuikata, kwa sababu kwake sentimita hizo mbili na nusu ndizo zilizokuwa zikipungua. Pedi ya jeli nitaichambua katika video ijayo, kwa bunduki hii na risasi hizihizi, na maswali yenu ya vipimo yaandikeni hapa chini pamoja na urefu wa kitako chenu.