Kware wangu alivunjika mguu: uzoefu wangu na daktari wa mifugo wa kuja nyumbani

Leo ni wiki ya tano tangu Shanga avunjike mguu. Siku ile nilitafuta mtu wa kunieleza nimtibu au nimchinje, nikakosa, ndiyo maana naandika. Huduma ninayoizungumzia ni ya daktari wa mifugo anayefuata wanyama majumbani, hapa Morogoro.

Shanga ni kware jike, na jina amelipata kwa yale madoa ya kifuani. Jumamosi jioni mlango wa kizimba ulifyatuka ukamwangukia. Kware akishtuka hakimbilii pembeni, huruka juu moja kwa moja. Basi aliporuka, mguu wa kulia ukabaki umebanwa. Nilipomtoa ulikuwa unaning'inia, unyayo umegeukia nje.

Nilikimbilia kwanza duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakuuliza ameumiaje wala ana uzito gani, akanipa unga wa antibayotiki wa kuchanganya na maji, shilingi 3,500. Shanga hakuwa na kidonda hata cha kutoa tone la damu, na antibayotiki haiungi mfupa. Maji nayo yakabadilika rangi, akayakataa, akakaa na kiu mpaka usiku nilipoyamwaga nikamwekea masafi. Hilo bado linaniuma.

Jirani yangu, mama ninayemheshimu sana, alikuja kumwona akaniambia, "Mwanangu, ndege mwenyewe hafiki hata robo kilo. Mchinje apumzike." Alisema kwa huruma kabisa. Nami niliwaza hivyo hivyo usiku kucha, kwa sababu kumwacha ateseke eti nampenda nisingeweza.

Jumapili asubuhi dokta akafika na pikipiki. Hakumgusa kwanza. Alichuchumaa mbele ya kizimba akamtazama kwa muda mrefu: anadonoa? Anasimama kwa mguu mmoja? Macho anayafumba? Ndipo akamfunika kitambaa na kumtoa, akinionya nisimbane kifua, maana ndege hana kiwambo cha kupumulia kama sisi. Kifua kisipopata nafasi ya kutanuka, pumzi inakatika.

Akakagua kama mfupa umetoboa ngozi. Haukutoboa. Kisha akaniambia niweke ncha ya kidole changu chini ya unyayo. Nilisikia joto, halafu vile vidole vitatu vya mbele vikajikunja taratibu, vikanishika. "Anahisi, na damu inafika," akasema. "Huyu tunamtibu." Akaniambia pia, bila kuzunguka, kwamba vidole vingekuwa baridi na vyeusi, au mfupa ungekuwa nje, angenishauri tumpumzishe, na angefanya mwenyewe kwa njia isiyo na maumivu. Kwa kauli hiyo nilimwamini.

Mvunjiko ulikuwa juu kidogo ya lile tunaloliita goti. (Kumbe lile linalokunjika kwa nyuma ni kifundo cha mguu; goti lenyewe limefichwa na manyoya, karibu na tumbo.) Tulimpima kwenye mizani yangu ya jikoni, gramu 172. Kwa ndege mwepesi hivyo, alisema, plasta inatosha kuwa gango, yaani kishikizo cha kuzuia mfupa usisogee. Aliukunja mguu kama ndege anavyoukunja akiwa amekaa, akabandika plasta ya karatasi pande zote mbili, akazibana zikashikana, akaongeza kipande cha mrija uliopasuliwa. Dawa ya maumivu ilikuwa meloksikamu, matone aliyoyapiga hesabu kwa uzito ule. Mimi nilishaandaa panado ya kusaga, alinikataza.

Jambo ambalo nisingelijua peke yangu ni la taa. Kware jike hutaga mwanga ukiwa mrefu, na ganda la yai linachukua madini mpaka kwenye mifupa yake. Kizimba changu kiko sebuleni, taa inawaka hadi saa tano usiku. Alinielekeza nimfunike jua likizama ili aache kutaga mfupa uunge. Siku chache baadaye mayai yakakatika. Nilimhamishia kwenye boksi dogo asiloweza kuruka, chini nikatandika kanga kuukuu iliyokunjwa, kwani gazeti linateleza na taulo lina vitanzi vinavyonasa kucha. Chakula na maji viliwekwa karibu na mdomo. Kila asubuhi nilimpima. Siku ya tatu alishuka hadi 164, nikamchanganyia chakula cha vifaranga na dagaa wa kusaga, akaanza kupanda.

Lalamiko langu kwa huduma hii ni moja, na si dogo. Dokta hakunionya kwamba plasta inaweza kukaza. Usiku wa pili vidole vilivimba, nikapiga simu mara nne, haikupokelewa. Nililegeza ukingo wa plasta kwa mkasi wa kucha, mkono ukitetemeka. Alikuja asubuhi, akaomba radhi, akafunga upya bila malipo. Ukimwita daktari, kabla hajaondoka muulize dalili zipi ni za hatari na nani atapokea simu usiku.

Gharama: kuja nyumbani 25,000, dawa na plasta 8,000. Kware mwenyewe nilimnunua 4,000, na watu wamenishangaa sana kwa hesabu hiyo. Fedha ile sijaijutia. Unga wa dukani ndio ninaoujutia.

Gango lilitolewa siku ya 21. Unyayo umebaki umegeuka nje kidogo na akikimbia anachechemea. Juzi nilimrudishia karai lake la mchanga. Alilala ubavu, akaanza kujirushia vumbi mgongoni, na mguu aliokuwa akichimbia ni ule wa kulia.