Boksi ya steringi ya Mercedes W123: kuifungua au kununua nyingine?

Boksi ya steringi, ile inayopeleka mzunguko wa usukani kwenye magurudumu ya mbele, ikianza kudondosha mafuta, mafundi wengi wa jua kali hapa Nakuru watakwambia utafute nyingine ya mtumba. Toa, weka, endesha. Lakini gari hili liliacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 1980, kwa hiyo hiyo ya mtumba imezeeka kama yako tu. Hujui ndani kukoje hadi uifunge kwenye gari.

Kuifungua yako kunataka subira. Zile golori za chuma za ndani zikimwagika vumbini, siku imekwisha! Ila unajionea mwenyewe: shafti ikiwa imechimbika pale sili (mpira unaozuia mafuta yasivuje) inapokaa, sili mpya haitasaidia kitu. Mimi ningeifungua. Na usidanganyike kwamba usukani uliolegea hutibiwa kwa kukaza skrubu ya juu ya boksi pekee. Ukizidisha, hautarudi wenyewe baada ya kona, na njia ya Timboroa ina kona.

Kurudisha ni kulekule kwa zote mbili: mkono (ule unaoshikwa na shafti ya boksi na kusukuma magurudumu) na shafti vitiwe alama kabla ya kutenganishwa, usukani uwe katikati, magurudumu ya mbele yainuliwe, kisha mafuta yajazwe huku mtu akiuzungusha, injini imezimwa, hadi mapovu yaishe.